Ndege Asiyejua Anapigwa Picha

Ukiniletea picha ya ndege, usianze kunieleza ulivyomkuza hadi akajaa fremu nzima. Niambie kwanza alikuwa akifanya nini. Alikuwa akila? Akijichokoa manyoya? Amesinzia kwa mguu mmoja? Au alikuwa ameinua shingo na kukukazia macho wewe uliyemjia? Hilo ndilo swali ninalowauliza vijana wa Dunga, ufukwe wa ziwa ulio kando ya Kisumu, wanaoongoza wageni katika mafunjo, kila wanaponikalisha kwenye benchi karibu na majiko ya samaki na kuniita mzee kwa Kijaluo: "Jaduong', hebu angalia hii." Mara nyingi jibu limo ndani ya picha yenyewe kabla hawajalitamka.

Picha ya darubini ina sababu moja ya kuwepo, nayo ni umbali. Unaisimamisha darubini ya jicho moja juu ya tripodi, unaweka kamera ndogo pale ambapo jicho lako lingekaa, na ndege aliye hatua 60 kutoka kwako anaingia kiooni pamoja na shughuli zake zote, asijue kwamba upo. Mwenye lenzi fupi hana budi kusogea, na kila hatua anayosogea inaharibu kile alichokuja kukiona. Kwa hiyo mimi huipima picha ya namna hii kwa utulivu wa ndege kwanza, vioo baadaye. Picha kali kama wembe ya ndege aliyeingiwa na hofu naihesabu kuwa imeshindwa.

Utulivu una alama zake, na kila ndege ana zake. Yangeyange, ambaye Wajaluo humwita okok, akiwinda hukunja shingo na kuinama mbele juu ya maji. Akihisi hatari husimama wima, shingo imenyooka, manyoya yamebana mwili hata akaonekana mwembamba kuliko alivyo. Furukombe aliyetulia hurusha kichwa nyuma na kupiga ule ukelele wake unaovuka ghuba. Akiwa na wasiwasi huinama mbele, miguu imejikunja, na sekunde inayofuata tawi ni tupu. Mdiria mweusi na mweupe, yule aliyezoea kukaa kwenye nguzo na kamba za mitumbwi, akishika samaki humpigapiga juu ya gogo kisha humeza akianzia kichwa. Ukimwona amebana samaki mdomoni, hapigi wala hamezi, ujue mpiga picha amemkatiza mlo. Picha hiyo husifiwa sana na wasiojua, kwa sababu samaki anaonekana vizuri. Mimi huirudisha.

Mtindo huu wa kupiga picha kupitia darubini haukubuniwa na kiwanda. Mwaka 1999 mpenzi wa ndege wa Malaysia, Laurence Poh, aliisogeza kamera yake ndogo aina ya Nikon Coolpix 950 kwenye darubini ya Leica, akapata picha ambazo wenye lenzi nzito hawakuzitarajia kutoka kwa kifaa cha mfukoni. Habari zikaenea haraka, na miaka michache baadaye watu wa kila bara walikuwa wakitafuta kamera ileile. Siri yake ilikuwa ndogo: kioo cha mbele cha kamera hiyo kilikuwa chembamba, na lenzi yake ilivuta na kurudi ndani ya mwili wa kamera bila kuchomoza nje. Mpaka leo nikiombwa ushauri kuhusu kamera kuukuu ya kununua, hutazama hilo kabla ya kutazama idadi ya pikseli. Kamera inayojisifu kwa kuvuta mara 20 au 30 ina lenzi ndefu yenye vioo vingi, na ikiwekwa nyuma ya darubini huona duara dogo la mwanga lililozungukwa na giza. Ile ya kuvuta mara 3 au 4 inafaa zaidi.

Hesabu ya mkuzo ni nyepesi, na anayehukumu picha inamsaidia. Darubini inayokuza mara 30, ikipokewa na kamera iliyovutwa hadi kufikia milimita 50 kwa kipimo cha filamu ya zamani, inakupa kitu sawa na lenzi ya milimita 1,500. Lakini mwanga una mipaka. Chukua kioo cha mbele cha darubini chenye upana wa milimita 80, ugawanye kwa 30: mwonzi unaotoka nyuma una upana wa milimita 2.7 hivi. Pandisha mkuzo hadi mara 60 na mwonzi unabaki milimita 1.3. Kamera inakula giza, inalazimika kuacha shata wazi muda mrefu, na ndege anapotikisa kichwa anageuka ukungu. Kwa hiyo kijana anaponiambia kwa fahari kwamba alipiga kwa mara 60, ninajua nitakachokiona kabla sijaiona. Mara 20 hadi 30 inatosha kwa Dunga. Kama ndege bado ni mdogo kwenye fremu, mwache awe mdogo. Ndege mdogo aliyezungukwa na mafunjo yake, maji yake na gugu-maji lake ananieleza mahali anapoishi, na mimi ni mtu wa kupenda mahali.

Baada ya utulivu, nenda kwenye jicho. Mengine yakiwa na kasoro nitasamehe, jicho sisamehe. Liwe na mpaka ulio wazi, liwe na nukta ya anga ndani yake, na rangi yake isomeke. Ndege wa ufukwe huu ni walimu wazuri wa jambo hili. Mnandi mdogo mwenye mkia mrefu ana jicho jekundu. Mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe ana jicho la kijani kama kito. Wote wawili hukaa pamoja kwenye miamba na miti iliyokufa majini wakianika mabawa, na kwa mbali wote ni weusi tu. Picha inayonionyesha jicho jekundu la huyu na la kijani la yule imefanya kazi ambayo macho yangu matupu yasingeweza. Ile ambamo wote wana tundu jeusi usoni ilipigwa jua likiwa limeshapanda.

Jua la hapa halina subira. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, hivyo mwaka mzima jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kupanda moja kwa moja kama ngazi. Kufikia saa 4 liko juu mno: kivuli cha paji kinaangukia jicho, mgongo wa ndege unang'aa, kifua kimezama gizani. Saa mbili na nusu za mwanzo ndizo zenye thamani. Dunga ina bahati nyingine: ukitazama ghuba asubuhi, jua liko mgongoni mwako. Jioni mambo hugeuka. Pale Hippo Point, jirani na Dunga, watu hukusanyika kutazama jua likitua majini, na kila mwenye simu hupata ndege mweusi mbele ya duara la dhahabu. Ni picha za kupendeza ukutani. Kama picha za ndege, naziuliza swali moja tu: je, umbo peke yake linatosha kumtaja? Fundichuma, kwa kichwa chake kilichochongoka nyuma kama nyundo, hupita mtihani huo. Wengi hawapiti.

Sasa manyoya. Hapa napenda kumtumia okok kama mizani, maana mweupe ndiye anayefichua kila kosa. Kamera huona mafunjo ya kijani kibichi, hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na ndege anakuwa kipande cha karatasi nyeupe kisicho na unyoya hata mmoja. Mpiga picha mzuri hupunguza mwanga kwa makusudi, theluthi mbili ya kituo (stop) au kituo kizima, mafunjo yawe meusi kidogo, ndege abaki na mwili. Tazama kifuani na kwenye mkunjo wa bawa. Ukiweza kufuata unyoya mmoja kutoka mzizi hadi ncha, huyo aliyepiga anajua kazi. Ukiona weupe mtupu, hakuna programu ya kompyuta itakayourudisha unyoya huo, kwa kuwa haukuwahi kuingia.

Tena mtazame huyohuyo okok kwenye ukingo wa mwili, pale weupe unapokutana na kijani. Darubini yenye vioo vya bei ya chini huvunja mwanga na kuacha upindo wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Kipimo changu ninachokipenda zaidi ni korongo mweusi mla konokono, yule ambaye midomo yake miwili haikutani katikati. Kati ya mdomo wa juu na wa chini kuna uwazi mwembamba ambamo anga hupita. Mwombe mwenye picha aukuze mpaka uone uwazi huo. Ukiwa safi, kingo zake kali, hauna upindo wa rangi, basi vioo ni vizuri, fokasi ni nzuri na tripodi ilikuwa imetulia. Mambo matatu kwa mtazamo mmoja. Nimewaona watu wakibadilisha maoni yao kuhusu darubini zao baada ya kumtazama korongo huyo, na nimewaona wengine, wenye darubini kuukuu walizozidharau, wakigundua kwamba wana hazina.

Ukungu katika picha una vyanzo vitatu, na asiyevitenganisha hatasonga mbele. Picha iliyotikisika huonyesha kingo mbilimbili zikielekea upande mmoja. Nukta ya mwanga ndani ya jicho imekuwa mstari. Iliyokosa fokasi ina kitu kingine kilicho kikali: tafuta, utaona bua la mafunjo mbele au nyuma ya ndege limetoka barabara. Darubini ina eneo dogo sana la ukali, unene wa kiganja tu nyakati nyingine, na kamera ndogo hupenda kulishika bua lililo karibu. Chanzo cha tatu ni hewa yenyewe, na hiki ndicho kinachowadanganya wengi ziwani. Ndege mzima, bua lote, gogo lote ni laini kwa kiasi kilekile, kingo zinayumba kama kitu kilicho chini ya maji. Piga picha 10 mfululizo bila kugusa chochote. Zikitofautiana, moja afadhali, nyingine mbaya, ni mawimbi ya joto, na ununuzi wa darubini mpya hautakusaidia.

Mawimbi hayo yana kwao. Mabati ya paa yakishapata jua, mawe ya ufukweni, mtumbwi uliopinduliwa ukauke, na majiko ya kina mama wanaokaanga samaki, vyote hutupa hewa ya moto juu. Ukiisimamisha darubini nyuma ya majiko na kuielekeza majini, unapiga picha kupitia sufuria inayochemka. Sogea hatua 20 kando na ndege yuleyule atatulia. Kisha, kuanzia adhuhuri, nchi kavu ikishakuwa na joto kuliko maji, upepo wa ziwani huanza kuvuma kuja ufukweni. Mafunjo yanalala na kuinuka, tripodi inatetemeka, na kazi imekwisha. Wavuvi wanaujua upepo huo vizuri. Mpiga picha angefaa kuwauliza wao kabla ya kuuliza simu.

Kuhusu tripodi nitasema machache. Iwe nzito, ikae juu ya udongo. Njia ya mbao inayopita ndani ya mafunjo ni nzuri kwa matembezi, ila kila mgeni anayepita anatikisa ubao, na kwa mkuzo wa mara 30 hatua ya mtoto ni tetemeko la ardhi. Ning'iniza mkoba katikati ya miguu mitatu. Usibonyeze kamera kwa kidole ukategemea utulivu wa mkono. Weka taima ya sekunde 2, au tumia waya. Adapta ya dukani ikiwa haipatikani, kipande cha bomba la plastiki kilichokatwa na fundi kwa kipimo cha lenzi, kikavalishwa utepe wa tyubu ya baiskeli ili kisiteleze, hushika vizuri. Cha muhimu ni lenzi ya kamera ikae katikati kabisa ya kioo cha darubini, kwa umbali usiobadilika. Ikienda upande kwa milimita 2, kona moja ya picha inaingia giza. Na mtu akikuambia alipata picha yake ya darubini akiwa ndani ya mtumbwi unaoelea, muulize mara ya pili.

Giza la kona nne, lile duara jeusi linaloizunguka picha, huondoka kamera ikivutwa kidogo. Likibaki kidogo silichukii. Wengi hulikata, na katika kulikata wanapoteza nusu ya pikseli walizonazo, kisha wanakuza kilichobaki, kisha wananoa kwa programu hadi kila unyoya una ukingo mweupe kama uzi. Huo unoaji hugundulika upesi: tazama mstari wa mgongo wa ndege dhidi ya anga. Ukiona uzi wa mwanga umeufuata mgongo wote, hapo programu imefanya kazi ambayo asubuhi haikuifanya.

Nimefika kwa ndege aliyenifanya nianze kuwa mkali kiasi hiki. Katika mafunjo ya Dunga, ya Koguta na Kusa kusini mwa ghuba, na katika kinamasi kikubwa cha Yala pamoja na ziwa dogo la Kanyaboli, anaishi tiva wa mafunjo. Kifua chake ni chekundu cha kuwaka, utosi wa dhahabu, mgongo mweusi, na bawani ana mchirizi mweupe. Haishi mbali na mafunjo. Mafunjo yakikatwa au kuchomwa hana pa kuhamia. Lakini mjini Kisumu, vichakani na bustanini, yuko jamaa yake mwenye kifua chekundu vilevile, utosi mweusi, na bawa lisilo na weupe wowote. Wageni huwachanganya kila wiki. Wote wawili huimba kwa kupokezana, dume na jike, kwa haraka hivi kwamba unadhani ni ndege mmoja.

Hapa picha inakuwa ushahidi. Mradi wa Kenya Bird Map huigawa nchi katika miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, karibu kilomita 9 kwa 9, na watu wa kawaida huandika ndege waliowaona katika kila mraba. Rekodi ya ndege adimu ikiwa na picha ina uzito mwingine kabisa. Kwa rekodi hiyo, picha yenye mawimbi ya joto na duara jeusi, inayoonyesha utosi na bawa kwa uwazi, inaishinda picha nzuri ya kifua kitupu kinachochungulia katikati ya mabua. Kwa hiyo nikihukumu tiva, naangalia alama mbili tu: rangi ya utosi na mchirizi wa bawa. Halafu naangalia kama rangi imeongezwa chumvi. Wekundu wa tiva tayari ni mwingi. Kamera ndogo na simu hupenda kuuzidisha hadi manyoya yote ya kifua yanakuwa doa moja lisilo na kivuli. Rudisha rangi chini. Dhahabu ya utosi itajitokeza yenyewe.

Lipo jambo la kuumiza katika picha za tiva. Ndege huyu ni wa kujificha. Hupita chini ndani ya mabua, hutokea juu kwa sekunde chache asubuhi mapema, akaimba, akashuka. Basi wapo wanaomwita kwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa kwenye simu, na yeye, akidhani jirani amevamia eneo lake, hupanda juu kabisa ya shuke la mafunjo mchana kweupe, manyoya ya kichwa yamesimama, mdomo wazi, uso kwa uso na kamera. Picha hutoka safi sana. Ukiona tiva amekaa hivyo, juu kabisa, saa ya jua kali, amekutazama, muulize mpiga picha alitumia nini. Ndege aliyeitwa mara 10 kwa siku na makundi 10 ya wageni hana siku ya kutafuta chakula wala ya kukaa kwenye kiota. Darubini ilikuja kutuondolea haja hiyo. Kukaa kimya hatua 50 kutoka kwenye ukingo wa mafunjo, fokasi ikiwa tayari kwenye shuke analolipenda, saa nzima, bila kubonyeza chochote, huo ndio ufundi ninaoutafuta, na huonekana: tiva wa namna hiyo yuko ubavu, amejificha nusu, bua moja limemkata mkia, na koo limevimba kwa wimbo alioukusudia kwa mwenziwe.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea picha saba kwenye kamera ndogo ambayo alama za vitufe vyake zilikuwa zimefutika. Sita za kwanza zilikuwa za furukombe, kali, zimejaa fremu, na katika zote sita furukombe alikuwa akimtazama yeye. Ya saba aliipita haraka kwa kidole. Nikamwambia arudi.

Walikuwa mafundichuma watatu kwenye nyasi za ukingo wa maji. Mmoja alikuwa amesimama mgongoni mwa mwenzake, mabawa nusu wazi, mdomo juu, kama wafanyavyo wanapokutana wakiwa na furaha zao wenyewe, na wa tatu alikuwa kando na kijiti mdomoni akielekea kwenye kiota. Kona ya kushoto ilikuwa na giza. Upeo wa maji ulikuwa umeinama. Kahawia ya manyoya, ambayo kwa kawaida hutoka kama tope, ilikuwa imegawanyika: ya kifuani nyepesi, ya bawani yenye mng'ao wa zambarau kidogo, na katika macho mawili kati ya matatu kulikuwa na nukta ya anga.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kule kwenye mtumbwi uliopinduliwa, jaduong'. Kama hatua 70."

"Na walikaa muda gani?"

Akafikiri. "Sijui. Nilipokunja tripodi nikaenda kunywa chai, walikuwa bado wanapandana."

Nikamwomba anitumie hiyo, na asikate kona.